Kisu cha Tumbo Hukata Meza Pia

Vipindi vingi vya My 600-lb Life huanza kwa njia moja. Mtu mnene sana anaamka kwa shida, anaoga mbele ya kamera, anarudi kitandani akihema. Kisha mtu mwingine anaingia na chakula. Kamera humwangalia anayekula. Mimi nimeona vipindi vingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya watu, na siku hizi macho yangu humfuata yule aliyeleta sahani.

Huwa ni mama. Au mume. Wakati mwingine ni mtoto ambaye hata sekondari hajafika. Anaweka sahani, anarekebisha mto, anaokota kijiko kilichoanguka. Sura yake ni ya mtu aliyezoea kazi. Lakini baada ya dakika ishirini hivi daktari atamgeukia na kumuuliza kwa nini anamsaidia mgonjwa kujiua, na hapo nyumba nzima inanyamaza.

Wengi wenu mnakijua kipindi hiki, hata kama mmekiona tu kwa vipande vifupi kwenye simu. Kilianza mwaka 2012 kwenye stesheni ya TLC ya Marekani. Kwa kawaida kinamfuata mtu mmoja mwenye uzani wa pauni 600 hivi, yaani kama kilo 270, kwa muda wa takriban mwaka. Mtu huyo anasafiri hadi Houston, Texas, kumwona daktari Younan Nowzaradan, mzee mwembamba asiyebembeleza mtu. Anapewa lishe ya kalori 1,200 kwa siku, anaambiwa apunguze uzani kwanza, na akifaulu anapasuliwa tumbo. Halafu mizani. Halafu machozi. Halafu mizani tena.

Nilikuwa nakitazama na binamu yangu, miezi kabla yeye mwenyewe kupasuliwa hapa Nairobi. Ameniruhusu nisimulie mradi nisimtaje jina, kwa hivyo atabaki Binamu. Tulikuwa tunatazama tukila. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu sisi wawili tangu utotoni. Yeye alikuwa na kilo 131, na mimi sikuwa mbali sana naye. Alikuwa na sukari, presha, na magoti yaliyokataa ngazi, na nyumba yake iko ghorofa ya nne bila lifti. Mimi nilikuwa natazama kama mtu anayetazama ajali barabarani. Yeye alikuwa natazama kama mtu anayesoma ramani ya mahali anakokwenda.

Ramani yenyewe ilikuwa na kasoro, na ndiyo maana naandika. Hadithi nyingi tunazopewa kuhusu upasuaji huu huishia tumboni. Maisha ya aliyepasuliwa huendelea mezani, na mezani huwa kuna watu wengine.

Tuanze na tumbo basi, kwa sababu hata hapo kipindi hakielezi sana. Upasuaji unaofanywa zaidi siku hizi ni ule wa kuondoa karibu asilimia 80 ya tumbo na kuacha kipande chembamba chenye umbo la ndizi. Sehemu inayotolewa ndiyo hutengeneza kwa wingi grelini, homoni inayoamsha njaa, kwa hivyo mtu hashibi haraka tu, hata ile njaa yenyewe hupungua. Aina nyingine hutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo, cha ukubwa wa yai hivi, na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo ili chakula kiruke njia ndefu.

Na hufanya kazi. Wacha nisiwe mtu wa kuogopa visu bure. Huko Uswidi kuna utafiti ulioanza mwaka 1987, ukafuata watu zaidi ya 4,000, karibu nusu yao wakiwa wamepasuliwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kuwa vifo vilikuwa vichache miongoni mwa waliopasuliwa kuliko miongoni mwa wenzao. Sukari huweza kutulia kabisa kwa wengi, presha hushuka, magoti hupumua. Binamu alipunguziwa dawa za sukari mwezi wa kwanza, na baadaye daktari wake akazisimamisha. Siku alipopanda ngazi zake zote bila kupumzika alinipigia simu kutoka mlangoni. Hakusema kitu. Nilisikia tu akipumua, polepole, kama mtu mwingine yeyote.

Kwa hivyo sitaki kusikia mtu akisema alichukua njia ya mkato. Mkato gani? Vitamini na madini ni kila siku hadi kufa, kwa sababu tumbo dogo halichukui vizuri B12, chuma na kalsiamu. Kunywa maji na chakula pamoja hakuna. Dawa za maumivu kama ibuprofen sharti uulize kwanza, maana zinaweza kukuachia vidonda. Uzani ukishuka kwa kasi, mawe huweza kujiunda kwenye kibofu cha nyongo. Kwa waliounganishwa utumbo, keki kidogo tu inaweza kuleta jasho, kizunguzungu na moyo kudunda. Pombe nayo hupanda kichwani haraka, na utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 uliona kwamba kufikia mwaka wa pili baada ya upasuaji, wenye matatizo ya pombe walikuwa wameongezeka.

Nywele nazo. Mwezi wa nne za Binamu zilianza kutoka kwa vishungi. Msusi wake wa miaka mingi alishika kichwa, akaangalia, akakataa kusuka. Akamwambia, “Wewe enda nyumbani upumzishe hii nywele, na kama kuna shida uniambie.” Binamu alimwambia ukweli pale pale, kwenye kiti, mbele ya wateja wengine watatu. Msusi akawa mtu wa tatu duniani kujua, baada ya mumewe na mimi. Mamake mzazi hakuwa anajua.

Haya yote ungeyatafuta wapi kwenye My 600-lb Life? Kidogo hapa, kidogo pale. Kipindi kina haki yake, na nitaitoa. Ni mojawapo ya vipindi vichache vya runinga vinavyokubali kwamba unene mkubwa mara nyingi una hadithi nyuma yake: watu wengi wanaopita pale husimulia utoto wa kupigwa, kunajisiwa, kuachwa. Kinakubali pia kwamba mtu hali peke yake. Kinaingia jikoni, kinauliza nani ananunua, nani anapika, nani anaogopa kusema hapana. Kuna ndoa zinazovunjika mbele ya kamera kwa sababu mmoja aliyekuwa akiogeshwa sasa anaoga mwenyewe, na mwogeshaji hajui tena kazi yake ni gani. Hapo kipindi kinakaribia ukweli sana.

Kisha kinaogopa, na kinakimbilia mizani. Mizani ndiyo hakimu, shahidi na mwandishi wa habari. Namba ikishuka, ndoa iliyovunjika inageuka ushindi: ameondoa mzigo. Namba ikipanda, aliyeleta chakula ndiye mhalifu. Hakuna anayeuliza watu hawa wawili wamekuwa wakipeana nini miaka yote hiyo kupitia ile sahani, na sasa watapeana nini. Mwaka 2020 baadhi ya washiriki waliishtaki kampuni iliyotengeneza kipindi, na miongoni mwa malalamiko yao ni kwamba hawakupata msaada wa kutosha wa afya ya akili. Sitaamua kesi ya watu. Lakini kama mtazamaji naweza kusema hivi: kamera inayopata muda wa kumpiga mtu picha akioga, na isipate muda wa kukaa naye mezani mwaka wa tatu, tayari imeonyesha inachotaka.

Ndiyo maana nilimpa Binamu kitabu. Hunger cha Roxane Gay kilitoka mwaka 2017. Gay ni Mmarekani, mtoto wa wazazi kutoka Haiti, na anasema mapema kabisa kwamba hii si hadithi ya ushindi, kwamba hatutapata picha yake akiwa mwembamba, amesimama ndani ya mguu mmoja wa suruali yake ya zamani. Anasimulia jinsi wavulana walivyomnajisi akiwa na miaka 12, na jinsi alivyokula ili mwili uwe ngome ambayo hakuna mwanamume angetaka kuivamia. Wakati mmoja alifika zaidi ya kilo 260. Kuna sura fupi ambapo anaenda kliniki huko Florida kusikiliza madaktari wakieleza upasuaji. Babake amemsindikiza. Wanasikiliza hatari, gharama, na yale ambayo hataweza kula tena. Anatoka bila kupasuliwa.

Binamu aliisoma sura hiyo mara mbili. Hakusema lolote kuhusu madaktari. Alisema, “Angalau babake alikuja.”

Nguvu ya kitabu ni kwamba kinakataa kutubembeleza. Gay anajua viti vya ndege, viti vya jukwaani, macho ya watu wakati mtu mnene anapoweka kitu kwenye kikapu cha dukani. Familia yake pia iko pale, ikimpenda kwa sauti kubwa, kila mtu na maoni yake kuhusu mwili wake, na msomaji wa Kenya atacheka kidogo kwa uchungu kwa sababu anaijua hiyo sauti. Udhaifu wake, kwangu mimi, ni kwamba kitabu kinabaki ndani ya mwili mmoja. Kinajua sana maana ya kula peke yako. Kula na wengine kinakugusa tu kikipita.

Halafu, Januari 2018, Roxane Gay akapasuliwa. Ule ule upasuaji wa kuacha tumbo la umbo la ndizi. Aprili mwaka huo akaandika insha iitwayo What Fullness Is. Kuna wasomaji waliohisi wamesalitiwa: kwani si wewe uliyetufundisha kuishi na miili yetu? Mimi naiona insha ile kuwa jasiri kuliko kitabu. Haisemi kwamba alikosea kuandika Hunger. Inakubali kwamba mtu anaweza kuujua uonevu wa dunia vizuri kabisa, aueleze kwa ufasaha, na bado achoke kuungoja uishe. Inakubali pia kwamba ukiondolewa chakula kama mfariji, huzuni haiondoki nacho. Inabaki, na sasa haina pa kulala.

Ila iliandikwa miezi mitatu tu baada ya kisu. Miezi mitatu ni mapema. Ndugu bado wanasema “umependeza”. Meza haijaanza kuuliza maswali.

Yetu iliuliza Desemba, ushago. Binamu alikuwa amepoteza kilo 34. Kulikuwa na mbuzi, pilau, chapati za kutosha kijiji, na shosho kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni. Binamu alichukua vipande viwili vya nyama na kijiko cha pilau.

“Hebu kula, mwanangu.”

“Nimeshiba, shosho.”

“Umeshibishwa na nini?”

Shosho akamwongezea kwa mkono wake mwenyewe. Utamwambia nini mwanamke wa miaka 86 aliyekulea? Binamu akala. Dakika kumi baadaye alikuwa nyuma ya zizi, ameinama, nami nimemshika mabega. Tuliporudi, mashangazi walikuwa wameshaanza. Sauti ya chini, ile ya kukusudiwa isikike: “Amekwisha huyu. Ameshapimwa?”

Hakuna anayehitaji kuuliza kupimwa nini. Katika miaka ya 1980, kule Uganda, watu waliuita ukimwi Slim kabla dunia haijazoea jina lingine, kwa sababu ya jinsi ulivyokausha mwili. Vizazi vya wazazi wetu vilizika watu waliokonda. Kwao kunenepa ni habari njema: ameoleka vizuri, kazi imekubali, Mungu amemkumbuka. Mwandishi wa Marekani hupigana na dunia inayochukia unene. Binamu alitoka dunia hiyo, maana mtaani Nairobi alishaitwa majina yote, akaingia ile nyingine inayoogopa wembamba, na safari kati ya hizo mbili ni saa tatu kwa matatu. Hakuna kitabu wala kipindi nilichompa kilichokuwa na ukurasa wa siku hiyo.

Na mumewe? Hapa ndipo watu husubiri kashfa, na hakuna. Mwaka 2018 watafiti wa Uswidi walichapisha matokeo kuhusu ndoa na mahusiano: waliopasuliwa na walikuwa na wenzi waliachana zaidi kuliko wenzao ambao hawakupasuliwa, na waliopasuliwa wakiwa bila wenzi walioa, kuolewa au kupata wapenzi zaidi. Watu hupenda kutaja nusu ya kwanza tu, kama onyo kwa wanawake. Mimi nazisoma nusu zote mbili pamoja. Kitu kinapobadilika sana, wanaokaa karibu nacho hulazimika kuchagua upya.

Mume wa Binamu ni mtu mwema. Alilipia sehemu kubwa ya upasuaji kwa mkopo wa sacco. Lakini kwa miaka tisa ndoa yao ilikuwa na Jumapili: wakitoka kanisani, moja kwa moja Kenyatta Market, kilo moja na nusu ya choma, ugali, kachumbari, maongezi hadi jua lizame. Hapo ndipo waliamua kuhusu shule ya mtoto. Hapo ndipo aliposema kwamba kazi imeisha. Baada ya upasuaji waliendelea kwenda. Yeye anakula vipande vitatu, anaweka uma chini. Mume anabaki na kilo nzima mbele yake na aibu ambayo hajui imetoka wapi. Akaanza kuagiza nusu. Kisha akaanza kwenda na marafiki. Hawajaachana. Siku za Jumapili ndizo zimeachana.

Sasa niseme yangu, kwa sababu nimekuwa nikiwanyooshea wengine kidole.

Wiki ya tano baada ya upasuaji, Binamu akiwa bado kwenye vyakula laini, nilienda kumwona nikiwa na chapo na madondo kwenye chombo. Nilijua. Nilikuwa nimesoma karatasi aliyopewa na daktari, nilikuwa nimeibandika mwenyewe kwenye friji yake. Nilijiambia ni yangu, nitakula mimi. Lakini nilibeba sahani mbili. Alinitazama, akachukua robo ya chapati, akatafuna kwa muda mrefu sana, na ikakwama. Alitembea sebuleni huku na huku kwa nusu saa, mkono kifuani, machozi yakitoka bila sauti, na aliponiangalia aliniomba msamaha. Yeye. Mimi.

Nilikuwa nimeona mamia ya watu wakileta sahani kwenye kile kipindi, na siku zote nilijua mimi ni yule mtazamaji mwenye akili. Kumbe nilikuwa kwenye kamera. Sikumletea chakula kwa sababu nilitaka augue. Nilileta kwa sababu alikuwa anaondoka, na hicho ndicho kitu pekee nilichojua kumpa mtu ili abaki.

Ndiyo maana sikubaliani na hukumu ya Houston, ingawa daktari ana haki ya kukasirika. Kumwita anayeleta chakula mhalifu ni rahisi, na kunamwacha bila kazi nyingine ya kufanya. Hadithi ninayoitaka ingeanza baada ya mizani kuzimwa. Ingemuuliza huyo mama, huyo mume, huyo binamu: mikono yako imezoea kubeba sahani, sasa itabeba nini? Siku hizi kuna sindano za kupunguza hamu ya kula, na hata vijana wenzetu wanaziulizia, kwa hivyo swali hili litaingia nyumba nyingi zaidi, bila hata kisu.

Ukiniuliza, anza na Roxane Gay. Soma kitabu, kisha insha, kwa mpangilio huo, na usimdai awe mtu mmoja. My 600-lb Life kitazame ukiwa na mtu, na macho yako yakae kwa aliyebeba sahani.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwa Binamu. Alimenya chungwa moja. Alinipa nusu, na kwa mara ya kwanza sikumaliza kabla yake. Ilituchukua karibu dakika ishirini. Hatukuwa na mengi ya kusema. Bado hatujajua kukaa pamoja bila sufuria katikati, na mara mbili nilitazama jikoni, naye akaniona nikitazama. Kisha mumewe akaingia kutoka nje, akasimama mlangoni, akaangalia maganda mezani, akauliza kama kuna lingine.

Binamu akamsogezea kiti.